Mbali ya Dar na Mwanza

Basi lilipoiacha Mikumi, Cosmas alimwamkia mama aliyeketi kando yake. Bi Kishiwa aliitika marahaba, amepakata mfuko wa michembe, viazi vikavu vya kula siku mbili. Alikuwa akitoka kwake Mikumi kwenda Kilosa kupanda treni ya Mwanza.

"Siku hizi kuna ndege za watu binafsi, mama," alisema Cosmas, ambaye ndege alizijua kwa kuzitazama angani tu. "Dar mpaka Mwanza, saa moja na nusu."

"Acha uongo! Sisi tulihama kule na ng'ombe, tukatembea miezi minne."

"Saa moja na nusu, mama. Chai hujaimaliza, mmeshatua."

Kishiwa akauweka sawa mfuko wake. "Mwanangu Seni ana kazi Mwanza. Kila mwezi hupanda ndege kwenda Dar. Mwaka wa sita huu ananiandikia kwamba angekuja kuniona, ila ni mbali."

Cosmas alitamani kuyameza yale maneno ya chai. "Rudi nyumbani, mama. Umwandikie."

Basi likasimama Kilosa. Kishiwa akajitwika mfuko wake.

"Siandiki. Nakwenda kumuuliza hiyo mbali inaanzia wapi."