Barua ya Tisa ya Mwenyekiti Komla Agbozo

Mwalimu Godwin Komla Agbozo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, kijijini Avedzi, karibu na Hohoe. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Koku Agbozo, mkulima wa kakao, na marehemu Bi Aku. Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuwahi kunyanyuka penye chakula kabla hajaruhusiwa, hata kama wenzake wote walishakimbilia mchezoni. Sisi wanawe tulimkuta hivyo hivyo.

Alisoma shule ya misheni ya Avedzi, na mwaka 1960 akajiunga na Chuo cha Ualimu cha Tokpodzi, alikohitimu mwaka 1964. Hapo alikuwa kiranja wa kengele. Alijivunia mpaka uzeeni kwamba kwa miaka miwili kengele ya Tokpodzi haikuchelewa hata dakika moja. Alifundisha Kpando, kisha Jasikan, na alistaafu mwaka 2004 akiwa naibu ofisa elimu mjini Hohoe.

Tarehe 26 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, Yawa. Alimwahidi kitu kimoja tu: akistaafu watakaa Avedzi, katika nyumba yenye baraza inayotazama mlima. Nyumba ilikwisha mwezi uleule aliostaafu. Mama alihamia. Baba alileta sanduku la nguo, akalala siku nne, akaitwa chuoni.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 Tokpodzi ilikuwa imekaa mwaka mzima bila mkuu wa chuo. Wahitimu wa miaka ya sitini walikuwa na mtu wao, wa miaka ya themanini walikuwa na mtu wao mwingine, na Baraza la Chuo halikuthubutu kumweka mtu ambaye wahitimu hawamtaki. Siku ya wahitimu kurudi chuoni, mwezi Agosti, viti vilirushwa. Ndipo wakamchagua baba awe mwenyekiti wao na mjumbe wao barazani, kwa kuwa alikuwa hajagombana na upande wowote. Siku hiyohiyo akawatungia sheria: ugomvi ukichemka, mtu yeyote na aanzishe wimbo wa chuo. Wote watasimama, mkono kifuani, beti zote tatu, na ukiisha mkutano umefungwa hadi mwaka ujao. Walimpigia makofi sana.

Sheria ilifaa. Mkuu alipatikana. Maktaba, bweni la wasichana na maji ya bomba vilipita mikononi mwake, na watu wawili wa serikali waliokuja kupendekeza chuo kifungwe waliondoka wakiwa wamebadili mawazo. Nasema haya kwa fahari.

Lakini mwenyekiti wa wahitimu hatoki mpaka asome mwenyewe barua yake ya kujiuzulu mbele ya mkutano huo wa Agosti. Mwaka 2005 alisimama kuisoma. Kabla hajamaliza "Ndugu wahitimu," sauti nzito ikaanzisha wimbo kutoka nyuma. Baba akaikunja barua, akaweka mkono kifuani, akaimba.

Aliporudi Avedzi mama alimuuliza, "Wamekubali?"

"Wameimba."

"Na wewe?"

"Na mimi nimeimba. Ningefanyaje, Yawa? Ni wimbo wa chuo."

"Sheria umeitunga mwenyewe, wacha ikunyooshe. Haya, nawa mikono, akple inapoa."

Alijaribu mara nane. Mwaka 2011 alianza kusoma kwa haraka, nao wakaanza kuimba kwa haraka zaidi. Mwaka 2016 aliomba kusoma kabla ya sala ya kufungua. Waliimba, mkutano ukafungwa kabla haujafunguliwa, na watu wakaenda kula. Katibu wa wahitimu, Efo Prosper Dogbe, ambaye yuko hapa safu ya mbele, ana sauti nzuri sana. Nitaishia hapo.

Efo Prosper alimwambia mbele yangu, "Mzee, ukitoka wewe, kesho tunarudi kwenye viti. Unataka chuo kitufie mikononi?"

"Nataka kulala kwangu, Prosper."

"Mwaka mmoja tu, Mzee wangu. Mmoja tu!"

Baba akakaa kwenye chumba nyuma ya ofisi ya mkuu wa chuo, maana kila siku kulikuwa na la kusuluhisha, na kila Ijumaa mama alimpelekea supu ya bamia. Majirani walimtania mama kwamba ameolewa na chuo kizima. Alicheka nao, kisha akifika nyumbani anajifungia chumbani. Mimi nilimkasirikia baba, na sitaficha leo. Nilimwambia asiende tu, nani atamkamata? Akanijibu, "Dzifa mwanangu, mtu akikabidhiwa kengele haitupi njiani." Nilitoka chumbani nikalia nje, maana nilijua hatatoka humo.

Oktoba 2022 alipatwa na kiharusi akiwa kwenye kikao cha baraza. Alilazwa hospitalini, mjini Ho. Wiki ya pili wajumbe wawili walikuja wodini na faili la kumteua mkuu mpya, wakamwekea kalamu katika mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima. Mama aliichukua ile kalamu akaitia mkobani mwake. Iko humo hadi leo.

Tulimleta Avedzi mwishoni mwa Novemba. Aliishi katika nyumba yake miezi miwili mfululizo, na asubuhi tulimweka barazani atazame mlima. Alifariki hapo Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023. Umoja wa Wahitimu uliomba azikwe chuoni, karibu na mnara wa kengele. Mama alisema hapana, na hakurudia.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, dada yake Bi Abla, na ninyi, wahitimu wa Tokpodzi.

Mwezi Januari alinitamkia barua ya tisa, neno moja moja, nami nikaandika. Sheria inasema aisome mwenyewe. Nimemwazima sauti, na naomba mtu asiimbe.

"Ndugu wahitimu. Niliwapenda na chuo nilikipenda. Nimechoka. Mke wangu amenisubiri. Kaeni chini mzungumze mpaka mmalize, hata mkigombana. Sheria ya wimbo naifuta. Kuanzia leo mimi si mwenyekiti wenu. Komla Agbozo."

Barua imesomwa hadi mwisho. Efo Prosper, sasa anzisha wimbo ukitaka. Tutasimama sote, ila yeye tumwache alale. Apumzike kwake.