Barua Iliyopitia kwa Mkuu

Sogeeni, wanangu, Shaban ukae miguuni na Anifa hapa kichwani, wala asinikatishe mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba hii ya Isevya na shamba la Goweko vigawanywe kama dini ilivyokwisha kuvigawa. Ninalowausia ni jingine.

Nilipokuwa mkuu wa maabara ya maji, nilitia saini kwamba kisima kimoja cha kijijini ni salama, ilhali vipimo vilionyesha floridi ya kupinda mifupa ya watoto. Aliyevipima, msaidizi wangu Adelina, akaandika taarifa. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ilikuwa imekwisha kupitishwa: mtumishi angeweza kwenda moja kwa moja kwenye mamlaka husika, jina lake lifichwe, na mkuu wake asimkomoe. Lakini Adelina alikuwa na adabu ya kiofisi. Juu ya barua aliandika, kama tulivyomfundisha kuandika hata ombi la likizo: “Kupitia kwa Mkuu wa Maabara.” Akanishtaki kwangu mwenyewe.

Kesho yake akaja. “Shikamoo mkuu. Barua yangu imeshatoka?”

“Marahaba, binti. Barua nzuri kama ile haitoki kwa pupa.”

Akacheka, akashukuru. Wiki ile ile nikamhamishia kituo cha mbali kwa mdomo, bila maandishi. Alipokwenda, nikamwandikia utoro kazini. Alipofukuzwa, wa kwanza kumpa pole nilikuwa mimi. Leo anachuja asali Ipole, na watoto wa kijiji kile wanatembea kwa magoti yaliyopinda. Sikumwomba msamaha, wala msiniombee.

Sasa Shaban amekalia kiti changu, na kila mwaka anatia saini ile ile kwa kisima kile kile. Wewe Anifa, karani wa masjala humo humo, umeliona faili. Ijumaa ulipiga magoti hapa na barua yako mkononi: “Baba, nisomee kwanza, nipate radhi yako ndipo niitume.” Nikakuambia uniachie.

Usinitazame mimi. Mtazame kaka yako anavyoushika mfuko wa kanzu yake. Barua yako nilimpa yeye Jumamosi, kabla sijanywa uji.

Shaban, sikiliza. Usimguse dada yako kabla ya arobaini yangu, watu watasema. Kisha anza na uhamisho, kwa mdomo. Utoro utafuata wenyewe.

Nizikeni baada ya alasiri, na asilie mtu kwa sauti...

Nipeni maji. Si hayo ya mtungini... ya chupa.

Anifa... sogea, sikuoni. Radhi uliyoifuata nimekupa, mwanangu, yote... Mungu akuongoze. Ulinzi... ulinzi wa sheria ulikuwa nao mwenyewe... kabla hujaingia chumbani humu.