Marcel Mayala na Nguzo za Mayu Limi

Ndugu waombolezaji, baba yetu Marcel Mayala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 kijijini Mwabusiga, Shinyanga, mtoto wa nne wa Mzee Mayala Bujiku na Mama Generosa.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mwalimu aliwahi kumpa adhabu ya kumwagilia miche ya shule. Muhula ulipoisha, akaomba adhabu iongezwe. Mwaka 1979 alihitimu mafunzo ya misitu na kuajiriwa. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Asteria Masalu.

Kuanzia 1988, ardhi ikiwa imebaki vumbi, alizunguka Msalala kwa baiskeli akiwasihi watu warudishe ngitili, yale malisho na miti ambayo kila ukoo huyafunga yapumzike. Jirani yetu Mayu Limi, yaani Mama Limi, alikuwa wa kwanza kukubali. Miti ikaota.

Mwaka 2014, wachimba dhahabu walikuwa wakimaliza msitu wa hifadhi kwa kukata matimba, magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Ikatoka amri: mti wowote usipite bila kibali. Marehemu akapangwa kwenye geti la maliasili. Siku moja Mayu Limi akafika na mkokoteni wa nguzo za nyumba yake.

"Mayu, kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini, Baba Wema? Si ngitili yangu, uliyonisihi mwenyewe niifunge?"

"Sheria haichagui, mayu."

Nguzo zikataifishwa, naye Mayu Limi akasimamishwa mahakamani mbele ya wakwe zake. Majirani wakaelewa: ukikata mti wako unaitwa mwizi, ukifyeka shamba hakuna anayekuuliza. Wakafyeka ngitili, wakapanda mahindi. Magogo yakapita njia za panya hadi mashimoni. Amri iliyotolewa kuokoa msitu mmoja ikaumaliza mwingine.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Hakupita tena njia ya kwa Mayu Limi, na kanisani alikaa benchi la nyuma.

Mwaka jana, figo zilipoanza kushindwa, alituomba tumpeleke kwa Mayu Limi. Akapiga magoti.

"Nisamehe, mayu. Nimeona aibu hata kukusalimia."

"Nimekusamehe, mwanangu. Miti ndiyo sijui utaiomba msamaha wapi."

Njia nzima ya kurudi alijifunika uso kwa kofia. Ndipo akatuagiza tuyasome haya mbele yenu, tusimpambe.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025 nyumbani, mikononi mwa mkewe. Ameacha mjane, watoto watatu, Wema, Edward na Ritha, pamoja na wajukuu.

Mungu ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.