Siku Enid Thackray Alipokuwa Fimbo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti karibu, na kama kuna chai mezani, mimineni. Tunayemkumbuka leo asingekubali azungumzwe mbele ya vikombe vitupu.

Enid Thackray hatunaye. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake hapa Kexley, akiwa na miaka themanini na tatu. Ijumaa tulimzika. Enid Thackray, wa kibanda cha ishara, wa Reli ya Kexley. Miaka themanini na tatu.

Sasa msianze kulia. Alimwachia binti yake Lorna karatasi ya maagizo ya mazishi. Lorna amenisomea kwenye simu huku akicheka na kufuta machozi. Imeandikwa hivi: "Wimbo mmoja, maua machache, na mtu yeyote atakayesimama kusema nilikuwa mpole, atolewe nje."

Basi sitasema alikuwa mpole.

Alizaliwa mwaka 1941 katika nyumba ya wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa mkagua njia. Kila siku ya Mungu, mvua au theluji, alitembea maili nne akigonga reli kwa nyundo na kusikiliza mlio wake. Serikali ilipofunga njia ile, Enid alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili. Alisimama na baba yake kuangalia treni ya mwisho ikiondoka. Mzee alirudi ndani, akaitundika nyundo, na hakuigusa tena mpaka kufa.

Enid akaenda kupika shuleni. Miaka ishirini na minane akapika shuleni. Ndiyo maana sauti yake, wapendwa, ilikuwa inafika ng'ambo ya mto bila kipaza sauti.

Akiwa bado anapika huko, watu wachache wakaanza kuifufua reli. Watu wa kujitolea, wasiolipwa hata senti, Jumamosi zao na migongo yao. Enid akajiunga akiwa na miaka thelathini na minne. Wakampa birika la chai. Akasema anataka kufanya mtihani wa ishara, ule wa kuongoza treni. Wakacheka. Akaufanya. Akapata tisini na saba kwa mia, halafu akakata rufaa kwa zile alama tatu, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limekosewa. Na akashinda rufaa! Tangu siku hiyo kibanda cha ishara kikawa chake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Reli ya Kexley ina njia moja tu. Unaendea hiyo, unarudia hiyo hiyo, maili nne kutoka Kexley mpaka Hollin Top juu mlimani. Treni mbili zikiingia pamoja, zitakutana uso kwa uso. Kwa hiyo kuna fimbo. Fimbo ya shaba, urefu wa mkono, imechongwa majina ya stesheni zote mbili. Iko moja. Dereva asiyekabidhiwa fimbo ile haingii njiani, hata awe nani. Bila fimbo hakuna treni.

Miaka sita iliyopita, Alhamisi kabla ya Pasaka, wezi waliiba fimbo.

Enid alikuwa na miaka sabini na saba. Kamati ilikuwa imemwondoa kibandani kwa heshima na taadhima, ikamrudisha kwenye chumba cha chai. Alifika saa mbili asubuhi na funguo zake na trei ya keki za tangawizi. Akakuta mlango wa kibanda uko wazi.

Madirisha kumi na tisa ya mabehewa yalikuwa yamevunjwa. Nyaya za shaba zimekatwa na kuvutwa zote. Kibao cha jina la injini kimeng'olewa, kengele imeng'olewa. Viti ambavyo wanachama walivishona kwa mikono yao kwa miezi minane vilikuwa vimemwagiwa rangi. Na pale ukutani, kwenye msumari wa fimbo, hakuna kitu. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja kuibiwa, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufungua msimu.

Enid aliweka trei chini. Akasema neno ambalo redio hii hairuhusiwi kulirusha. Halafu akawasha birika.

Mwenyekiti wa reli alikuwa Clifford Oldroyd, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwema asiyejua kupiga kelele. Enid alimkuta amekaa kwenye ngazi ya behewa, vioo vimemzunguka, kofia mkononi.

"Basi, Enid," alisema. "Mimi nimechoka. Wameshinda."

"Wameshinda nini? Kulikuwa na mashindano?"

"Usinitanie leo, tafadhali. Nimeandika barua." Akagusa mfuko wa koti. "Tunafunga. Hawa wazee hawataanza upya kwa mara ya tatu. Tukifuta Jumamosi, Jumamosi nyingine hawaji. Unajua hawaji."

Na Enid alijua. Alikwisha kuiona njia hii ikifa mara moja, na aliona ilivyomfanya baba yake.

"Basi usiifute," akasema.

"Kwa fimbo gani? Kutengeneza mpya mpaka ikaguliwe ni wiki tatu!"

"Kanuni, sura ya tisa."

Clifford akanyanyua macho. Sura ya tisa hakuna aliyewahi kuitumia. Inasema fimbo ikipotea, mtu mmoja anaweza kuteuliwa kwa maandishi akae badala yake. Anaitwa rubani wa njia. Anavaa kitambaa chekundu mkononi, na anapanda kila treni, kwenda na kurudi. Alipo yeye ndipo ilipo fimbo. Asipokuwepo, treni haiendi.

"Lazima awe amefaulu mtihani," Clifford akasema. "Na wako watatu tu. Mmoja kabadilishwa nyonga, yuko hospitali. Mwingine yuko Uhispania anajianika juani. Na wa tatu..."

Akaitazama kofia yake.

"Endelea," akasema Enid. "Wa tatu?"

"Enid, ulishaondolewa kwenye orodha."

"Mliniondoa kibandani, mkanipeleka kwenye keki. Kwenye orodha mlinisahau, Clifford. Mwalimu mzima wa hesabu! Jina langu liko pale mpaka mwisho wa mwezi."

"Una miaka sabini na saba!"

"Na wewe una sabini na moja, na umekalia vioo. Inuka utoe kalamu."

Wasikilizaji wapendwa, mwenyekiti aliinuka, akatoa kalamu.

Lorna anakumbuka simu ya siku ile. "Mama aliniambia, nitafutie kitambaa chekundu. Nikamuuliza, cha nini? Akasema, nimekuwa rubani. Jamani, nilikaa kitako. Nikajua ndiyo basi, akili imeanza kumtoka." Alikata kitambaa cha meza cha Krismasi. Ukikitazama vizuri, kwa nyuma kina kulungu.

Ijumaa walifagia vioo ndoo kwa ndoo. Madirisha wakayaziba kwa mbao. Mchoraji wa vibao vya baa za hapa mjini akapita na kopo lake la rangi, akachora abiria juu ya zile mbao. Mmoja alifanana na kasisi wetu kwa namna ambayo kasisi mwenyewe hakuipenda.

Jumamosi ikafika. Safari kumi na mbili, treni mbili: garimoshi, na ile ndogo ya dizeli. Enid atapanda na hii mpaka Hollin Top, atarudi nayo, atashuka Kexley, atapanda ile. Kutwa nzima.

Dereva wa garimoshi alikuwa Desmond Sugden. Miaka thelathini Desmond alikuwa akifanya jambo lile lile: kabla ya kuondoka ananyoosha mkono nje ya dirisha, anapokea fimbo, anasoma majina kwa sauti. Mkono una mazoea yake. Asubuhi ile akaunyoosha bila kufikiri.

"Fimbo," akasema.

Enid akampa mkono. Desmond akabaki ameushika, hajui afanye nini nao.

"Soma basi," Enid akamwambia.

"Nisome nini, mama? Sioni maandishi."

"Kexley, Hollin Top. Na uvute polepole, fimbo ya leo ina magoti."

Watu jukwaani walicheka mpaka wengine wakaja kuuliza kuna nini. Akapanda kwenye injini, kitambaa mkononi, nywele zimefungwa, na garimoshi likapiga honi, likaondoka. Nilikuwepo. Niliona uso wake ukipita dirishani. Sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile, na nimehudhuria harusi nyingi.

Safari ya kwanza salama. Ya pili, ya tatu, salama. Habari zikaenea mjini kwamba kuna bibi ambaye ndiye fimbo, na watu wakaanza kuja wenyewe. Kufika adhuhuri jukwaa la Kexley lilikuwa limejaa, watu wamesimama mpaka barabarani.

Safari ya saba ilikuwa Hollin Top, tayari kurudi Kexley. Filimbi ikapigwa. Desmond akauona mkono wake ni mtupu, akakumbuka kuwa leo hakuna fimbo ya kushika, akaridhika, akavuta. Treni ikasogea hatua tatu. Nne.

Kisha mlango wa choo cha wanawake ukafunguliwa kwa kishindo.

"WEWE DESMOND!"

Sauti ya jikoni la shule, wapendwa, miaka ishirini na minane. Breki zikafungwa. Chai zikamwagika mabehewa yote. Enid akatembea pale jukwaani wala hakimbii, anajifuta mikono.

"Unakwenda wapi bila mimi? Mimi ndiye njia!"

"Samahani, mama, nimesahau..."

"Umesahau? Mwanamume mzima, unaiacha fimbo chooni?"

Behewa la kwanza lililipuka kwa kicheko, kisha la pili, likafuata la tatu. Wengine walipiga makofi juu ya zile mbao. Lakini Enid hakucheka. Kanuni ni kanuni. Aliomba daftari la matukio, akavaa miwani, na mbele ya abiria mia mbili akaandika sentensi mbili. Daftari bado lipo, nimeziona kwa macho yangu: "Treni ilisogea bila fimbo. Fimbo ilikuwa msalani." Akatia sahihi, akamtaka Desmond naye atie sahihi.

Walipofika Kexley, Clifford aliisoma. Akaisoma tena. Halafu mwenyekiti wetu, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amekula, akaegemea ukuta wa stesheni akacheka mpaka akakaa chini. Desmond naye akaanza. Wale wazee wote wakaanza.

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaona wanaume watu wazima wamekaa chini wanalia kwa kicheko, na mama mmoja akasogea akauliza, "Samahani, na sisi tunaweza kujiunga? Tunajiandikisha wapi?" Nyuma yake mwingine, na mwingine. Clifford akajipapasa atafute karatasi. Iliyokuwepo ni moja tu, ile barua, mfukoni mwa koti. Akaitoa, akaigeuza upande wa nyuma, akaanza kuandika majina. Majina thelathini na moja.

Jioni Lorna alimvua mama yake viatu. Amejaa masizi mpaka masikioni. "Nikamuuliza, mama, umechoka? Akasema, Lorna, leo nimefurahi mpaka miguu inauma."

Sitawadanganya kwamba wezi walikoma. Fimbo ilipatikana wiki ya tatu, mwenye jaa la vyuma chakavu aliyasoma yale majina akapiga simu. Kibao cha injini hakijaonekana mpaka leo, na mabehewa yamevunjwa tena mara mbili. Mtu anayeng'oa kwa dakika kumi kitu ambacho wazee wamekitengeneza kwa miezi minane, mimi simwelewi na nisingependa kumwelewa. Nilimuuliza Enid hapa hapa studio, je, umewasamehe? Akaniambia, "Nawachukia mpaka Jumapili jioni. Jumatatu nina kazi." Kazi yenyewe ilikuwa kibandani. Walimrudisha, naye akakaa huko miaka mitano zaidi.

Kwako Lorna, kwa watoto wako, na kwa jamaa wote wa Thackray, poleni sana. Kwenu Clifford na Desmond, na kila anayevaa glavu za reli ile, poleni. Mmepoteza mtu mkali, na mtu mkali aliyekupenda ni pengo kubwa.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtafakari jambo moja. Hapo ulipo kuna kitu kinachosimama kwa sababu kuna watu wanakishikilia bila malipo. Maktaba, kwaya, kiwanja, reli. Wiki hii nenda kawaone. Usiende na sifa, wanazo za kutosha. Nenda na mikono.

Wengi mmepiga simu kuuliza kuhusu jana, Jumamosi, siku moja baada ya maziko. Nitawajibu. Jumatano kamati ilikutana. Clifford akapendekeza, kwa sauti ya chini, treni za Jumamosi zifutwe, kwa heshima ya marehemu. Wote wakaafiki. Wakampigia Lorna kumwarifu. Lorna akasema, "Mzee Clifford, ukifuta treni kwa ajili ya mama, atatoka humo alimo aje awatukane mmoja mmoja."

Jana, saa nne na dakika kumi asubuhi, treni ya kwanza iliondoka Kexley. Ilijaa. Haikuchelewa hata dakika moja.