Kopo la Ramadhani

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Hamidu, weka simu chini, duka halitakimbia. Fadhila, ondoa hilo bakuli la uji, nimekunywa nilichoweza, na mlango usiufunge kwa kuogopa majirani wataniona nakula mchana wa Ramadhani. Sheikh ameniruhusu, na Mungu anaujua ugonjwa wangu kuliko majirani. Nimechoka, wanangu. Nina maneno ya kuwaambia kabla ya magharibi, na nikiyaacha mpaka kesho sina hakika kama nitapata pumzi ya kuyasema.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii, duka la sokoni na shamba la bondeni vitagawanywa kama dini inavyoagiza, sheikh atawahesabia, na sitaki muitane kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya ukuta au mti. Hamidu, dada yako alirudi kwangu baada ya kuachwa, na chumba anacholala asitolewe, hata mkeo akinuna. Lakini kabla hamjagawana chochote kuna deni, na deni la maiti hutangulia mirathi. Halimo kwenye daftari lolote. Hamidu, nishushie lile kopo lililo juu ya kabati. Ndiyo, hilohilo, kopo la Ramadhani, mwaka huu sijalitoa.

Fadhila, tangu ukiwa msichana mdogo wewe ndiye uliyelisugua kwa jivu na ndimu siku ya kungojea mwezi uandame, ukalipangusa mpaka linang'aa, ukaniletea kwa mikono miwili kama unaleta msahafu. Mlidhani lina baraka. Miezi mingine tulipimia kopo la kawaida, lile lililoning'inia msumarini, na Ramadhani ikiingia nalitoa hili, nanyi hamkuuliza kwa nini, ila siku moja wewe, mama, uliniuliza mbona kitako chake kimebonyea ndani, nikakwambia lilianguka. Halikuanguka. Nililigonga mwenyewe kwa nyundo.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mwaka ule mvua za vuli ziligoma huko milimani, maharage yakawa machache, na kila aliyekuja dukani alilalamika kwamba Ramadhani ikikaribia wafanyabiashara wanaingiwa na shetani. Ijumaa ya mwisho kabla ya mfungo sheikh wa wakati ule, Mungu amrehemu, akatuomba msikitini tulio na maduka tusimame, tuahidi mbele ya waumini kwamba hatutapandisha bei mwezi mzima. Nilisimama wa kwanza. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na nia njema, na labda nilipenda kidogo kuonekana nimesimama. Wakaitikia amina mpaka bati likavuma.

Siku ya nne ya mfungo gunia la maharage likapanda, siku ya sita mchele wa Ndungu ukapanda, na sukari ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Wenzangu walipandisha bei, wakasema hali ni ngumu, watu wakawatukana siku mbili kisha wakanunua. Mimi ningeweza kurudi msikitini nikasema, ndugu zangu, nimeshindwa. Maneno mawili tu. Nikashindwa kuyasema. Nikachukua kopo jipya la maziwa ya unga, nikaingia stoo, nikaligonga kitako mpaka kikaingia ndani kiasi cha konzi moja ya maharage. Mama yenu, marehemu Mwanaidi, akaniuliza kutoka uani, unagonga nini na swaumu yote hii, nikamjibu nanyoosha bati.

Kuanzia hapo bei yangu haikupanda. Watu walitoka Mwanga, wengine wakashuka kutoka Shighatini, wakapanga foleni kwangu, wakaacha maduka matupu njiani. Wakasema Mzee Salehe ndiye mwislamu. Na kila aliyeondoka na kopo aliacha konzi yake moja kwangu bila kujua. Niseme vipi, wanangu? Mchana sikuthubutu hata kuonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi nikaitema, nikiogopa swaumu itaharibika, na mkono uleule niliojizuia nao chakula changu ulikuwa ndani ya chakula cha watu. Nilisema ni mwaka mmoja tu. Mwaka wa pili jina lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko mimi. Zimekuwa Ramadhani kumi na tisa.

Mama yenu alijua. Hakuniambia, lakini kila nilipomwachia kuuza alipima kopo, kisha akachota konzi akaongezea juu, na nikimkemea anasema mkono umeteleza. Mkono wake uliteleza mpaka alipokufa.

Mwingine aliyejua ni Koleta wa Vudee, yule mama aliyekuwa akituletea maharage, mwenye rozari shingoni. Mwaka ambao kwaresima yao na mfungo wetu viliangukiana alinunua kwangu mchele wa Pasaka, makopo matano, akaenda kuupima upya kwa kopo lake pembeni ya ukuta. Akarudi. Foleni ilikuwa ndefu, nikajua leo nimeumbuka. Akainama kwenye meza, akaniambia polepole, "Mzee Salehe, naona mwaka huu hata kopo lako limefunga." Akacheka kidogo, akachukua kapu lake akaenda. Angepaza sauti pale ningekuwa nimepona siku nyingi. Juma lililofuata akaja na maharage yake, akanipimia, akasawazisha kwa mkono, kisha akachota konzi moja akaiweka pembeni, akasema, "Hii ya kopo lako, lifuturu." Sikuwahi kutukanwa vile, na hakuwa ananitukana. Bado yu hai. Mumpelekee habari yangu kabla ya mtu mwingine, mwende wenyewe, msipige simu.

Hamidu, miguu yangu iliponikatalia ulishika kopo hili wewe, Ramadhani nne. Sijui kama ulijua, na sikuulizi. Usinijibu. Kama hukujua, dhambi ni yangu. Kama ulijua, basi uliniona baba yako, ukanyamaza kama nilivyonyamaza mimi, na siwezi kukulaumu kwa kitu nilichokufundisha.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Sasa, ninalotaka. Mkishanizika, kabla watu hawajatawanyika, utasimama Hamidu kuuliza kama desturi, nani anamdai marehemu. Watasema tumemsamehe, alikuwa mtu mwema, kwa sababu hawajui wanachosamehe. Msamaha huo haunifai. Utawaambia kilichofanyika, kwa maneno machache, bila kulia. Najua unachowaza, umeniambia sasa hivi kwa macho, kwamba watatukimbia, kwamba duka ni jina na jina ndilo unaloachiwa. Ni kweli. Watakimbia. Wengine watarudi. Nakuachia duka dogo kuliko ulilotarajia, mwanangu, na nakuomba radhi kwa hilo.

Lakini nimelala hapa nikafikiri, nikaona makaburini watakuwepo wanaume, na wanaume hawakuwahi kuja kwangu na kapu. Waliokuja ni wanawake, na wao watakuwa humu ndani, kwenye mikeka. Kwa hiyo kopo lenyewe si la Hamidu kulishika. Ni la kwako, Fadhila. Lipitishe mkekani, kila mmoja atie mkono ndani aguse kitako. Usilie, mama. Najua uliling'arisha kwa mapenzi. Safari hii usilisugue, liache na vumbi lake.

Yale magunia yaliyoko stoo ndiyo ya kulipia deni, na hata yakihesabiwa wasia hayafiki theluthi ninayoruhusiwa. Atakayekuja kusema alinunua kwangu, mwislamu au mkristo, mpimieni, msimuulize ushahidi. Waongo watakuja pia. Wapeni, huenda wana njaa. Na duka likibaki, bei ipandisheni inapobidi, hata mwezi huu, mkimtazama mtu usoni, akitukana mumsikilize. Kipimo msikiguse.

Mungu awape riziki isiyowatia aibu. Awape usingizi. Hamidu, nakuridhia, duniani na akhera. Fadhila, nakuridhia, na mama yako anakuridhia. Mshikane... msiachiane.

Ile ni adhana? Bado? Haya. Ikilia mwende mkafuturu, msikae kunitazama, tende zisikauke.

Hamidu, mpe dada yako kopo. Mpe. Umelipokea, Fadhila? Chota maharage pale kwenye beseni, utie, nisikie. Polepole. Ndiyo... hilo ndilo. Limefika ukingoni? Hapo ndipo nilipokuwa naishia. Tia konzi nyingine juu. Yanamwagika, yaache yamwagike.

Ongeza, mama.

Bado. Ongeza.