Kikombe cha Katikati

Benchi la Kasikeu liko kando ya mahali pa kuziba pancha, na kila alasiri Wariara, mama Gathua, huweka hapo birika lake la kahawa ya tangawizi. Siku hiyo Kyule alifika mapema. Wenzake humwita Polepole, kwa jinsi anavyosema neno kisha akalingojea lile la pili. Jioni kikundi cha msitu kingekutana kanisani kuamua ni viwanja vipi vya miti ya mikau vikatwe mlimani mwaka huu. Viwanja ni vitano, na cha katikati kilipandwa na Mutanu, mkewe, aliyezikwa Aprili. Tangu hapo Kyule alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: kisikatwe.

Munyao, ambaye jina lake la utani ni Futi kwa sababu haachi tepu yake ya kupimia, alipanga vikombe vitano vya kahawa kwenye benchi kama viwanja: kimoja katikati, vinne vikikigusa pande zote.

— Sheria mnaijua. Viwanja vinavyopakana havikatwi pamoja. Ukikata kimoja, jirani yake anangoja mpaka miche ipite kimo cha mtu. La sivyo, mvua itashuka na mlima.

— Si Mutanu ndiye alitusomea, alisema Mbuvi, wanayemwita Hakimu.

— Basi tazameni. Hivi vinne havigusani. Tukivikata vyote mwaka huu, cha Mutanu kinangoja.

— Changu kikiwemo?

— Chako kikiwemo, Hakimu.

— Mikau yangu bado ni kama miguu ya kuku, bwana.

— Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

— Hiyo ni ya kuonya mtu.

— Ni ya kukata.

Mbuvi alimtazama Kyule, akashusha pumzi.

— Haya. Changu kikatwe. Lakini miche itakua, halafu cha Mutanu?

— Kimo cha mtu, ni mtu gani? alisema Futi. Tutapima na Nzioka wa kinu, yule mrefu anayeinama mlangoni.

— Na ikimfikia Nzioka, alisema Wariara, mimi naleta mbuzi zangu waitafune.

— Mama Gathua, wewe ni mwanachama kweli?

— Mbuzi ndio wanachama.

Kyule alicheka. Kicheko kilimshangaza mwenyewe. Kilikuwa cha kwanza tangu Aprili.

Hapo akaja mama mmoja na gunia la kunde, Mbinya, aliyekuwa akingoja gari la kwenda mjini Wote. Aliuliza kwa nini kahawa inapoa bila mtu kuinywa. Futi akamweleza yote, kikombe kwa kikombe. Mbinya alisikiliza, akaviondoa vile vinne kimoja kimoja, akabakisha cha katikati.

— Na upepo wa Agosti ukishuka, alisema, hii miti itaegemea nani?

Futi alivuta tepu, akaiachilia irudi. Hakimu alitazama viatu vyake. Kyule alikitazama kikombe kile kilivyosimama peke yake kwenye ubao mtupu. Upepo huo aliujua.

Alikichukua, akainamisha kichwa kidogo kama anavyoomba mezani kwake, akanywa mpaka mwisho.

— Mukau huchipua kwenye kisiki, alisema.

Wakamngoja.

— Kateni cha katikati. Nyinyi wengine mbaki mmekizunguka.

Wariara aliinua birika amwongeze. Lilikuwa tupu. Basi Futi akatwaa kimoja cha vile vinne, akammiminia kidogo, kisha Hakimu chake, kisha Wariara mwenyewe.