Mzunguko wa Mwisho Kandoni mwa Masale

Mwalimu Epifania Kastori anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika elimu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Kornel Leodegar, mwalimu mkuu wa shule moja ya Uru, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu hii, na ikasisitiza uwe mchangamfu. Nitajitahidi hadi pale nitakaposhindwa.

Alianza kufundisha Masama mwaka 1965, darasa la kwanza, watoto sabini na ubao mmoja uliopasuka katikati. Baadaye alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na mitatu. Mwaka 1987 aliletwa Moshi mjini, ofisi ya elimu, kitengo cha kuwasaidia walimu wakuu. Kitengo hicho kilikuwa na meza moja, kabati lisilofungika na yeye mwenyewe.

Wengi wetu tuliupata ukuu wa shule kwa barua. Jana ulikuwa unafundisha hesabu darasa la sita, leo umekabidhiwa funguo, muhuri na ugomvi wa walimu kumi na wawili. Wageni wengine wa ofisi walikuja kutafuta makosa. Yeye alikuja, akaitikia shikamoo zetu, kisha akakataa kuingia ofisini. Alitaka kwanza tuzunguke mpaka wa shule, taratibu, kandoni mwa uzio wa masale, mimea tunayopanda kuonyesha mipaka, yeye na mwalimu mkuu peke yao. Njiani aliuliza ni jambo gani linalokuelemea, kisha akaendelea kutembea. Ukimwomba jibu, alikuuliza wewe umefikiria nini. Mwanzoni tulidhani hajui kazi.

Wenseslaus, mwalimu mkuu kule Rombo, alizunguka naye mara nne akisimulia habari za mvua. Mzunguko wa tano akakiri kwamba anawaogopa walimu wake, na kwamba wanapochelewa yeye hujificha stoo ili asilazimike kuwasema. Mwalimu Epifania hakucheka. Alimuuliza angependa asubuhi ya kesho iweje. Kesho yake Wenseslaus alisimama getini, akawasalimia mmoja mmoja. Muhula ulipoisha, wachelewaji walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao alikuwa mkewe.

Masama nusura mzunguko ulete balaa. Sisi watu wa mlimani tunajua anayetembea kando ya masale na daftari mkononi ana nia gani: anapima mpaka. Mzee Elimringi, jirani wa shule, alipomwona Mwalimu na mwalimu mkuu wa pale wakipita mara ya pili, aliita ndugu zake. Wakaja na mapanga, pamoja na mashahidi wawili waliokuwepo masale yalipopandwa, wakaketi mpakani na kugoma kuondoka. Mwalimu Epifania aliketi nao hadi alasiri, akala kiburu chao cha ndizi na maharage, akawaeleza kwamba anayepimwa ni mwalimu mkuu, si shamba. Tangu siku hiyo daftari lilibaki mkobani, na hodi ya kwanza aliipiga kwa majirani.

Hapa ndipo uchangamfu unaponiishia. Kundi lake la kwanza lilikuwa la walimu wakuu kumi na wanne. Shule za binafsi zilipoanza kuota kila kona, wenye shule hizo waligundua upesi pa kuchuma. Walimuuliza mwombaji kama amewahi kuzunguka na Mama Epifania, na akisema ndiyo, hawakuuliza zaidi. Wenseslaus aliondoka wa kwanza. Mwaka baada ya mwaka Mwalimu alipanda hadi kwenye shule aliyoihangaikia, akapokewa na mgeni mwenye funguo, muhuri na woga uleule, naye akaanza upya. Siku moja aliniambia amekuwa akinenepesha mbuzi kwa sherehe za wengine, na hakuwa akitania.

Shule ile ya Rombo imebadili wakuu watano ndani ya miaka sita. Watoto wanamaliza darasa la saba hawawezi kuandika barua. Kitengo cha meza moja kinafungwa siku anayoondoka yeye, wala hakuna atakayejaza nafasi yake. Nimetafuta neno la matumaini la kuweka hapa, sikulipata.

Kati ya wale kumi na wanne nilikuwa nimebaki mimi. Januari nilimwahidi kwamba sitaondoka, na kwamba kila Jumamosi nitazunguka na walimu wakuu wapya, hata bila ofisi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema basi haikuwa bure.

Wiki tatu zilizopita alikuja shuleni kwangu kwa mara ya mwisho. Magoti yanamsumbua, lakini tulizunguka. Aliniuliza ni jambo gani linanielemea. Nikamweleza paa la darasa la nne. Tukazunguka tena, nikamweleza vyoo. Alisubiri. Baada ya hapo aliomba kiti, akaketi akiyatazama masale, akaendelea kusubiri, na mimi sikusema.

Nasema sasa. Mwezi Mei nilitia saini mkataba na shule ya binafsi ya Moshi mjini. Wanangu watatu watasoma hukohuko, na nilishindwa kuwanyima kile ambacho nimeshindwa pia kuwapa watoto wa wenzangu. Naanza Julai. Naona aibu, na bado nitakwenda.

Mwalimu, nakala yako ya programu hii si kama nyingine. Ndani yake kuna jani la isale. Nimelikata kwenye uzio tuliouzunguka, nikalifunga fundo. Wazazi wetu walitufundisha kwamba anayeletewa jani hilo hamnyimi msamaha aliyelileta. Mimi sikulazimishi. Ukiona vyema kulitupa, litupe.

Kwa niaba ya wote tuliotembea nawe, asante. Tunakuombea magoti yapone, migomba yako ya Masama izae vizuri, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema. Watakaosimama leo kukuaga watasema mengi mazuri juu yako, na yote ni kweli. Mimi ninalo moja tu la kuongeza: ulistahili kuagwa na mtu anayebaki.